Vitabu vya Kuanzia Lugha za Programu: Maoni ya Walimu wa Kiswahili

Muhula uliopita wanafunzi wetu watatu wa jioni, wote wakazi wa Nateete, walitujia na swali lililotukera kidogo kwa kuwa lilikuwa la haki: Kiswahili tunachowafundisha kitawafaa nini wanapojifunza kuandika programu za kompyuta? Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, nao wanataka kuuona urasmi huo vitabuni. Tuliwaomba watuachie vitabu vyao, tukavisoma.

Cha kwanza ni kile cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978 na kutolewa upya mwaka 1988. Ndicho kilichoeneza desturi ya kumwanzisha mwanafunzi kwa programu fupi ya kuusalimu ulimwengu. Desturi hiyo tunaipenda. Mwanafunzi huona jambo likitendeka kabla hajachoshwa na nadharia, na sisi tunaoanza somo kwa jedwali la ngeli tuna la kujifunza hapo. Hata hivyo, waandishi wenyewe wanaeleza katika dibaji kwamba hawamlengi mtu asiyejua programu kabisa. Nakala ya mwanafunzi wetu ilikuwa ya fotokopi, na dibaji ilirukwa ili kupunguza gharama. Alihangaika miezi miwili akidhani kwamba yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Cha pili, Python Crash Course cha Eric Matthes (2015), kimeandikwa na mtu aliyefundisha sekondari huko Alaska, na ualimu wake unaonekana: hatua ni fupi, na makosa ya kawaida yanatajwa mapema. Tatizo letu ni mifano. Msomaji anaelezwa orodha kwa vitu vinavyowekwa juu ya piza, chakula ambacho mwanafunzi wetu mmoja alikiri kukiona kwenye mabango tu. Kumbe Nateete mfano uko barabarani. Kondakta wa teksi ya abiria 14 iendayo mjini hupita kiti kwa kiti, hupokea nauli, hurudisha chenji, kisha humwendea anayefuata mpaka wote waishe. Huo ndio mzunguko wa programu, na hakuna mtu Nateete asiyeujua.

Tunachokipendelea ni cha tatu, Think Python cha Allen Downey (2012). Sura zake zina sehemu ya kutafuta makosa na faharasa ya istilahi, na leseni yake inaruhusu kutafsiri na kurekebisha bila kufanya biashara. Kinaeleza kwa utulivu kwa nini kompyuta huhesabu herufi za neno kuanzia 0, mahali ambapo wanafunzi wengi hukwama. Lakini hata hapo msomaji wa Kiswahili angepata njia ya mkato. Sisi tunaosema saa moja pale Mwingereza anaposema saba, na Waganda husema hivyo hivyo kwa Luganda, tumezoea tangu utotoni kwamba namba hutegemea mahali ulipoanzia kuhesabu.

Wako wanaolaumu Kiingereza kilichomo ndani ya lugha hizi. Hatukubaliani nao. Maneno maalumu ya Python ni 35 tu, na kijana wa Nateete huyakariri kwa wiki moja. Kinachomwangusha ni maelezo yanayoyazunguka, kurasa kwa kurasa, pamoja na utani wa nchi nyingine. Hayo ndiyo yanayohitaji Kiswahili. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulitupatia istilahi za mtumiaji wa kompyuta, lakini mwandishi wa programu bado hajahudumiwa vya kutosha.

Basi tumeanza kurekebisha sura ya kwanza ya Downey pamoja na wanafunzi hao watatu, kila Jumamosi, huko huko Nateete. Tumeafikiana kutumia "kigeu" na "mzunguko". Tumegombana juu ya "stringi": mmoja wetu anataka "mfuatano wa herufi", wanafunzi wanasema ni refu mno kuandikwa mara 40 katika sura moja, na "uzi" limechekwa na kila mtu. Mwenye neno bora alilete ofisini kabla ya Jumamosi ijayo.