Fundi Anayeuliza Kabla ya Kununua

Beringi ikifa, wengi hukimbilia dukani na ile ya zamani mkononi, wakitaka nyingine kama hiyo. Fundi ninayemvulia kofia hana haraka hiyo. Chukua beringi ya rola za umbo la pipa, zilizopangwa safu mbili, inayobeba ngoma ya mkanda wa mawe katika kiwanda cha saruji. Aina hii ilibuniwa na Arvid Palmgren wa SKF, Sweden, mwaka 1919, na sifa yake ni kuvumilia shafti iliyopinda kidogo. Fundi huiosha kwa mafuta ya taa, kisha huigeuza ringi ya nje kwenye mwanga. Akikuta safu moja imechubuka na nyingine bado inang'aa, anajua shafti ilikuwa ikisukumwa kuelekea ncha moja.

Hapo huuliza: je, beringi za ncha zote mbili za shafti zilibanwa zisisogee? Shafti ya chuma ya mita 2 ikipanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka zaidi ya milimita 1. Isipopata pa kwenda, hukandamiza rola. Kwa hiyo fundi hubana beringi ya upande mmoja na kuiachia ya pili nafasi ya kuteleza ndani ya nyumba yake.

Kisha huja namba ya beringi. 22220 na 22320 zote huingia shafti ya milimita 100, kwani 20 ya mwisho huzidishwa kwa 5. Lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 180, ya pili 215, na ya pili hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tofauti hiyo ina uzito wake: mzigo ukiongezeka maradufu, umri wa beringi ya rola hushuka hadi karibu sehemu ya kumi. Ndiyo maana huuliza uzito, mwendo, vumbi na joto. Ringi ya ndani ikitarajiwa kupata moto kuliko ya nje, huchagua yenye alama C3, ambayo uwazi wake wa ndani ni mkubwa kuliko wa kawaida.

Huo ni ustadi wa akili kabla ya nyundo. Mwenye mashine, fundi akikuuliza maswali mengi kabla ya kutaja bei, mjibu yote. Huyo ndiye wa kumkabidhi kazi.