Koili Katikati ya Sumaku

Kwa fundi wa spika, Mafinga, wilayani Mufindi, ina neema yake. Malori ya magogo yanashuka kutoka Shamba la Miti la Sao Hill, viwanda vya plaiwudi viko jirani, na seremala hatafutwi mbali. Boksi lililooza litapata mbadala. Kazi ngumu iko kwenye spika yenyewe, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuitazama.

Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji unaoiunganisha koni na fremu. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alileta spika ya boksi lililozibwa kabisa, ambamo hewa ya ndani ndiyo inayoirudisha koni mahali pake. Koni ya namna hiyo inahitaji ukingo laini sana, na baadaye sponji ikapendwa kwa ulaini wake. Lakini sponji hiyo huzeeka hata spika ikiwa imenyamaza stoo. Baada ya miaka 15 au 20 ukiigusa inageuka unga. Besi inaanza kukwaruza, mwenye spika anasema imeungua, na chombo kizuri kinaishia kuwa stuli ya kuwekea ndoo.

Fundi mzuri haamini neno hilo mpaka apime. Anagusisha waya za mita: spika ya omu 8 ikisoma 6 hivi, koili ni nzima. Kisha anakwangua gundi ya zamani kidogo kidogo kwa spiriti na wembe butu, maana koni ni karatasi na ikichanika hakuna wa kulaumiwa ila mkono wake. Halafu anabandua kile kikofia cha katikati, na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Koili imezama kwenye upenyo wa sumaku ambao kila upande haufiki milimita moja. Anachomeka humo vipande vyembamba vilivyokatwa kwenye filamu ya eksirei, vikiizunguka koili pande zote, ili ikae katikati wakati ukingo mpya unagandishwa. Gundi inayokauka polepole inampa nafasi ya kurekebisha. Kwenye baridi na ukungu wa Mufindi hukawia zaidi, na fundi wa kweli anaiacha usiku kucha bila kuisogeza kwenye jiko. Akitoa zile filamu anaisukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, sikio likiwa karibu. Mkwaruzo mdogo tu, anabandua na kuanza upya. Sijui kazi nyingine ya umeme inayotegemea vidole kiasi hiki.

Betri moja ya volti 1.5 inamaliza ubishi wa waya. Akigusisha, koni za spika zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi zinauana, na msikilizaji atalaumu redio.

Kuhusu maboresho nina msimamo. Kubadili kapasita zilizokauka ni halali, na kuongeza mhimili ndani ya boksi linalotetemeka ni halali. Chipubodi iliyovimba kwa kukaa kwenye sakafu yenye unyevu ibadilishwe kwa plaiwudi nene, mradi ujazo wa ndani ubaki ule ule na kila kiungo kizibwe. Paina mbichi isitumike, kwa kuwa itakauka ikiwa tayari boksi na kufungua nyufa. Lakini kung'oa spika ya asili na kupachika ya sabufa kwa sababu sumaku yake ni kubwa ni kuharibu hesabu yote ya boksi.

Jaribio linalofaa ni zilipendwa. Weka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wa enzi za Morogoro Jazz, uliorekodiwa kwa chaneli moja, kaa mbele ya spika zote mbili kwa umbali sawa. Zikiwa zimetengenezwa sawasawa, sauti yake inasimama katikati, mahali pasipo na spika. Ikiegemea upande mmoja, fundi anafungua tena skrubu.