Wati 75 na jua la Garissa

Mtu akitaka kadi ya michoro huuliza kwanza nguvu yake: itacheza mchezo gani, itamaliza video ya harusi kwa muda gani. Katika kaunti ya Garissa, hesabu ianze kwenye umeme. Ni kweli kwamba hapa kuna kituo cha sola cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Lakini umeme wake huingia gridi ya taifa, na kule Dadaab, kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, wengi hutegemea paneli, betri na jenereta.

Tuchukue Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, aina ya mashine ya ofisini inayouzwa sana kwa mtumba, yenye prosesa ya Core i5-3470. Prosesa hiyo imekadiriwa wati 77. Ubao mama, diski, kumbukumbu na feni tuvipe 40, makadirio ya juu. Pawa saplai ya kasha kubwa ni wati 275, ya kasha dogo 240. Kwa hiyo hata kasha dogo linaonekana kubaki na wati zaidi ya 120, na hapo wengi huponzwa. Tundu la kadi, kwa kanuni ya PCI Express, halitoi zaidi ya wati 75, na kati ya hizo 66 tu ndizo za laini ya volti 12. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wa pini sita, ambao pawa saplai hizi hazina.

Madukani kuna adapta ya kuchukua umeme huo kwenye plagi ya SATA. Mimi naipinga kabisa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Waya wa pini sita unaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inaweza kuyeyuka, na mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 35 hauipi nafasi ya kupoa.

Basi kadi sharti itosheke na tundu. Iliyofanya hivyo kwa ustadi ninaouheshimu hadi leo ni GeForce GTX 750 Ti, iliyotoka Februari 2014. Kabla yake, GTX 650 Ti ilikuwa na viini 768 na ilitaka wati 110. Hii mpya ilikuwa na viini 640, ikatumia wati 60, na bado ikaipita kidogo. Kiwanda hakikubadilika: zote mbili ni za nanomita 28. Kilichobadilika ni mpangilio. Viini vilivyokuwa 192 katika kundi moja, vikigombea waratibu walewale, viligawanywa katika mafungu ya 32, kila fungu na mratibu wake, ili kisikae kiini bila kazi huku kikila umeme. Kisha akiba ya ndani ya chipu ikapanda kutoka kilobaiti 256 hadi megabaiti 2. Kufuata data kwenye kumbukumbu ya nje hugharimu umeme mwingi; aliye na mtungi mkubwa nyumbani hateremki Mto Tana kwa kila kikombe.

GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zilifuata, zote wati 75. Tazama ukingo wa kadi kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliongeza tundu la pini sita. Radeon RX 6400 ya 2022 inavutia kwa wati zake 53, ila hutumia njia nne tu za PCI Express, kwa hiyo hupungua kasi kwenye ubao wa zamani, na haina sehemu ya kusimba video. Kwa mhariri wa video hilo ni pengo kubwa. GT 1030, yenye wati 30, ina pengo hilohilo.

Kabla ya kupachika, sasisha BIOS, maana bodi za miaka ile huweza kuikataa kadi mpya. Kazi hiyo ifanywe mashine ikiwa kwenye UPS yenye chaji: umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa. Puliza vumbi kwenye pawa saplai. Kwa michezo, funga idadi ya picha kwenye 60 kwa sekunde. Kadi isiyochora picha za ziada haivuti umeme wa ziada.

Kwa studio ya Dadaab inayoishi kwa betri, mimi ningeacha hata wati 75. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu utumie nusu. Mashine ikivuta wati 120, hiyo ni saa tano. Ikivuta 155, haifiki saa nne. Tofauti ya wati 35 ndiyo iliyopo kati ya GTX 1050 Ti na Quadro P620, kadi fupi ya wati 40 inayoingia kwenye kasha dogo, yenye chipu ya familia ileile na kisimbaji chake cha video.