Sikinde au Msondo: Tunapima Nini?

Wenzetu wa Msondo hujigamba kwamba bendi yao imedumu tangu 1964: NUTA, JUWATA, kisha OTTU. Sawa, lakini umri si ubora. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilitunga nyimbo zenye muundo wa hadithi fupi: msimulizi, mgogoro, na magitaa yanayojibizana na mwimbaji. Ila hapo kuna Gurumo! Alitoka JUWATA akaja Sikinde, mwaka 1985 akaenda Safari Sound. Sifa apewe mtu au bendi? Tukihesabu sauti tu, ubishi hauishi. Mimi nasikiliza upangaji wa ala, kazi ya Michael Enoch. Waimbaji walihama, tarumbeta za Sikinde zikabaki zilezile. Kwa hiyo kura yangu ni Sikinde. Anayepinga alete nyimbo, asilete miaka.