Hewa Isiyotoka

Mgonjwa wa COPD, ugonjwa sugu wa kubana kwa njia za hewa, anayepanda kutoka Mto Tyaa na mtungi wa maji mgongoni atakwambia hewa haiingii. Kasoro, hata hivyo, iko upande wa pili: hewa ya pumzi iliyotangulia haijatoka. Njia zimebana na mapafu yamelegea, hivyo kabla hajamaliza kutoa, mwili unadai pumzi nyingine. Hewa inarundikana, kifua kinajaa, na pumzi mpya inakosa pa kukaa.

Huku Mwingi ugonjwa huu hausubiri sigara. Kuni za mafiga ndani ya jiko lenye kidirisha kimoja, pamoja na moshi wa matanuri ya makaa, vinatosha kuuanzisha. Ndiyo maana mama asiyewahi kuvuta sigara ni rahisi kuambiwa ana pumu tu.

Kipimo cha kawaida ni spirometa. Mgonjwa hupewa salbutamoli, husubiri dakika 15, kisha hupuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza kikiwa chini ya asilimia 70 ya chote alichopuliza, njia zake zimebana. Kwa kuthibitisha kubana huko, hilo linatosha. Ila halisemi hewa kiasi gani imebaki ndani.

Mwaka 1846, John Hutchinson alitangaza mjini London vipimo vya pumzi za watu zaidi ya 2,000. Chombo chake hakikuweza kuhesabu hewa inayobaki kifuani, na cha leo hakikwepi mpaka huo. Mwaka 1956, Arthur DuBois na wenzake wa Marekani walimketisha mtu ndani ya kisanduku kilichofungwa, wakaziba mdomo wake kwa muda mfupi huku akijaribu kupumua, na kwa kutumia sheria ya Boyle wakapiga hesabu ya hewa iliyomo kifuani kutokana na mabadiliko ya shinikizo. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika. Njia ya kuvuta gesi ya heli ni nyepesi zaidi, lakini gesi hiyo haifiki vizuri palipozibika, kwa hiyo hupunguza hesabu kwa wagonjwa haohao tunaowatafuta.

Kisanduku ni ghali na si kitu cha kutarajia katika hospitali ya Level 4. Spirometa, hata hivyo, ina kipimo kingine ambacho naona kinapuuzwa mno: uwezo wa kuvuta pumzi. Mgonjwa hubanwa pua, hupumua kwa utulivu mpaka pumzi kadhaa mfululizo ziishie mahali pamoja, ndipo huambiwa avute hadi ajae kabisa. Asiharakishwe. Pumzi za mwanzo zikiyumba, au midomo ikivujisha, namba itakayotoka ni ya uongo. Maelezo yatolewe kwa Kikamba ikiwa ndiyo lugha anayoielewa, na zoezi lirudiwe mpaka namba zikaribiane.

Mantiki yake ni hii. Ukubwa wa mapafu yaliyojaa haubadiliki sana mtu anapofanya kazi. Nafasi ya kuvuta ikipungua, basi hewa iliyobaki mwisho wa kutoa pumzi imeongezeka. Tuseme mama amevuta lita 2.0 akiwa ametulia. Unamwongoza apumue kwa kasi maradufu kwa sekunde 20 akifuata mdundo, kisha avute tena: lita 1.5. Nusu lita ya nafasi imepotea, naye hajanyanyuka kitini.

Linalonigusa zaidi hutokea baada ya dawa. Namba ya sekunde ya kwanza inaweza kubaki karibu palepale, na mhudumu akaamini dawa haijafanya kitu, ilhali mgonjwa anasema kifua kimefunguka. Nafasi ya kuvuta ikipimwa tena, mara nyingi imeongezeka. Mgonjwa alikuwa anasema kweli.

Na yule ambaye nafasi yake hushuka akiharakisha, anahitaji muda wa kutoa. Afundishwe kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji kwenye kijiko, na aanze kabla hajainua mtungi.