Tusipigiane Chuku: Ar-Razi, Kuumika na Homa

Chuku ni pembe ya mwumishi. Na kupiga chuku ni kuyatia maneno chumvi. Katika mengi yanayoandikwa siku hizi kuhusu tiba ya wazee wetu, tunaona maana hizo mbili zimekutana.

Husifiwa sana, na kwa haki, Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad. Katika Al-Hawi, kitabu kilichokusanywa kutokana na daftari zake baada ya kufa kwake, anaeleza habari za wagonjwa waliokuwa na dalili za sirsamu, homa ipandayo kichwani. Kundi moja alilitoa damu, jingine akaliacha makusudi apate kulinganisha. Waandishi wetu huitaja habari hii kuthibitisha kwamba majaribio ya tiba tuliyatangulia sisi kabla ya Ulaya, kisha hukomea hapo. Hawasemi kwamba yeye aliona kutoa damu ndiko kulikowaokoa wagonjwa, na kwamba jawabu hilo halikusimama. Njia ilikuwa njema, hukumu ilikosea. Kumheshimu mwanachuoni ni kuyasema yote mawili.

Wala wazee wetu hawastahili kuchekwa na Mzungu. Kapteni Owen alipofika Mombasa mwaka 1824, akaikuta bendera ya Kiingereza imekwisha pandishwa na Mazrui, madaktari wa manowari za taifa lake nao walikuwa wakiwatoa damu wenye homa. Luteni Reitz, aliyeachwa kusimamia mji, alikufa kwa homa mwaka huo huo. Ilikuwa mwaka 1835 ndipo Pierre Louis wa Paris alipochapisha hesabu za wagonjwa wake, zikaonyesha kuwa faida ya kutoa damu ni ndogo mno kuliko ilivyodhaniwa.

Sababu leo tunaijua. Vijidudu vya malaria, alivyoviona Laveran huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mgonjwa tayari anapungukiwa damu. Kumtoa nyingine ni kumzidishia.

Atasema msomaji: hijama ni sunna. Hatubishani naye. Lakini hadithi mashuhuri juu ya homa yaagiza ipozwe kwa maji. Pembe haikutajwa humo.

Jambo hili si la makumbusho tu. Jamaa zetu wa Maskati, Dubai na London huenda Pemba na Mombasa kuwaona wazee, na homa huwashika wakisharudi. Malaria kali yaweza kuua kwa siku chache, na daktari wa ugenini huenda asiifikirie asipoambiwa mgonjwa katoka wapi. Siku inayopotea kwa mwumishi hairudi.

Basi pembe ya babu na ihifadhiwe kabatini kwa heshima yake, na historia yake iandikwe bila chuku. Mwenye homa apelekwe hospitali akapimwe damu: tone moja latosha.