Dini ya Nani?

Kusahihisha insha za walimu wanafunzi kwa miaka mingi kumeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kusoma maandishi yoyote bila kuuliza kila neno linamhusu nani. Juzi nilisoma tena Tamko la Geneva, kiapo kilichotungwa na Chama cha Madaktari cha Dunia mwaka 1948. Ni maandishi mafupi yenye heshima, nami nayasifu. Lakini yana ufa.

Daktari anaapa kwamba hataruhusu dini, taifa, rangi wala siasa kuingia kati ya wajibu wake na mgonjwa. Dini ya nani, ndugu msomaji? Wengi husoma hapo dini ya mgonjwa: asibaguliwe Mwislamu, asibaguliwe Mkristo. Sentensi yenyewe haikusema hivyo. Dini ya daktari nayo yaweza kuingia kati, tena kwa kishindo zaidi. Na kiapo hicho hicho chamtaka atende kazi kwa dhamiri. Dhamiri ameipata wapi kama si msikitini, kanisani, au kwa mama yake? Hata kiapo cha kale cha Wagiriki kilianza kwa majina ya miungu yao, kikakataza kumpa mwanamke dawa ya kutoa mimba.

Haya kwangu si mambo ya darasani. Mwaka 1991 mke wangu alijifungua mtoto wa saba, akavuja damu hadi tukamkatia tamaa. Alipopata nafuu tuliomba, yeye na mimi, afungwe kizazi. Daktari (dini yake siitaji, maana hapa Kondoa ninao ndugu katika zote mbili) akasema uzazi ni wa Mungu, akafunga faili. Simlaumu kwa kuzuia mkono wake. Papa Paulo wa Sita aliwakataza Wakatoliki jambo hilo katika waraka wa mwaka 1968, na masheikh wengi nao hawalipendi. Ninachomlaumu ni kwamba hakutuambia kuwa kwingine tungehudumiwa. Tukadhani ni udaktari uliosema, kumbe ni imani. Marekebisho ya mwaka 2017 yameongeza uhuru wa mgonjwa kujiamulia, na kwamba daktari atoe elimu yake kwa faida ya mgonjwa. Hapo wamekaribia, ila ukimya wa namna ile bado haujatajwa kwa jina.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetunong'oneza langoni twende Dodoma. Tukapanda basi alfajiri. Mpaka Haneti mke wangu hakusema kitu, kisha akaniuliza: "Baba Rehema, hivi mke wa yule daktari amezaa mara ngapi?"